Mpira wa Posa

Nilimpenda Nkatha siku niliyomkuta ananusa mpira.

Sikwenda kutafuta mchumba. Mgeni mmoja wa hoteli ninakoegesha magari, kule Alexandria ya Marekani, alikuwa amesahau mkoba wake kwenye buti, na meneja akanituma nimpelekee hadi mji wa Laurel, kwenye kampuni inayonadi vitu vya kale vya michezo. Nilifika nimekunja uso, maana mimi Mwita sipendi kutumwa kama mtoto. Nikaelekezwa chumba cha nyuma. Hapo ndipo nilipomwona: msichana mwembamba, glavu nyeupe mikononi, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, ameshika mpira wa besiboli uliogeuka rangi ya chai ya maziwa. Akausogeza puani. Akafumba macho.

"Unanusa nini?" nikauliza.

"Nanusa kama huu mpira unanidanganya," akasema, macho bado ameyafumba. "Na wewe, nani amekuambia mimi naongea Kiswahili?"

"Jina lako liko kifuani."

"Basi toa macho kifuani."

Mwenye mkoba alikuwa kwenye simu, hana haraka. Sikuwa na haraka tena na mimi. Nikamwuliza mpira ule una nini hata ushikwe kwa glavu.

"Huu ni wa ligi ndogo," akasema. "Zile timu za miji midogo, vijana wanaosubiri kuitwa timu kubwa. Wengi hawakuitwa kamwe. Njoo uone. Usiguse."

Akanionyesha muhuri uliofifia kwenye ngozi. Zamani kila ligi ilikuwa na muhuri wake, na chini ya muhuri sahihi ya rais wa ligi. Rais akibadilika, sahihi inabadilika, na hapo unajua mpira ulishonwa zamani za nani. Akazima taa ya juu akawasha nyingine ndogo ya zambarau. "Uzi wa siku hizi ungewaka kama meno ya mtu disko. Huu umelala kimya. Huu ni mzee kweli."

"Na uchafu huu?"

"Ati uchafu!" Akafumbua macho makubwa kana kwamba nimemtukana mama yake. "Huo ndio cheti chake. Mpira mpya unateleza, mrushaji hawezi kuukamata. Kwa hivyo kabla ya mchezo unapakwa tope laini, unasuguliwa na kiganja mpaka unashikika. Mpira ambao hauna tope ulizeekea kwenye boksi. Wenye tope ulienda kazi."

Akaugeuza polepole. Alama ya gongo la kupigia hapa, doa la nyasi pale. Timu kubwa, alisema, mpira ukichafuka kidogo hutupwa. Hawa walikuwa maskini, mpira uliokotwa ukarudishwa uwanjani, ukapigwa tena. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayemsifu mzazi wake.

Katika mji huu nimewaegeshea magari watu wa kila cheo, nikawaona wakiongea juu ya mambo makubwa huku macho yao yako kwenye saa. Sijawahi kumwona mtu anayekiheshimu kitu kidogo namna ile. Nilirudi wiki iliyofuata bila mkoba wa mtu yeyote. Nikarudi tena. Safari ya tatu nikamsomea ubeti niliomtungia barabarani:

*Jicho lako ni mizani, lapima bila kuyumba,*
*Huoni la hadharani, waona ndani ya nyumba,*
*Basi nitie taani, nipekue na kuchimba,*
*Ukikuta doa ndani, nitupe nje ya chumba.*

Alisikiliza kichwa kimeinama. Nikasubiri machozi, walau chozi moja.

"Ulifundishwa wapi?"

"Sikufundishwa na mtu. Nimejifundisha mwenyewe."

"Ndiyo maana unajisifu hivyo." Akacheka, kisha akaniangalia na kicheko kikamwishia machoni, taratibu. "Ni nzuri, Mwita. Lakini umekosea mahali. Sisi hatutupi kitu nje. Tuko na majibu matatu: ndiyo, hapana, na siwezi kusema. Hilo la tatu watu wanalichukia kuliko hapana."

Nikacheka pamoja naye. Jumapili ya posa, mwaka mmoja baadaye, sikucheka.

Baba yake, Mzee Boniface, ni Mmeru. Amefanya kazi ya kuwahudumia wazee wa Kimarekani tangu Nkatha akiwa msichana mdogo, na ni hao wazee waliomtia besiboli kichwani huku akiwaogesha na kuwalisha. Sasa hakosi mechi ya timu ndogo ya mji wa Bowie. Mimi alikuwa hanitaki, wala hakuficha. "Mtanzania, mwegesha magari, na juu ya hayo mshairi," alimwambia binti yake. "Katika hayo matatu ningevumilia moja."

Nkatha hakuacha kunitetea. Mwishowe mzee akakubali tuje, ila akatuma neno: "Waje na kitu. Maneno yananitosha, nina redio."

Nililipeleka neno hilo kwa mjomba wangu Gervas, anayeendesha teksi hapo Alexandria. Aliposikia besiboli aliinuka bila kusema, akaingia chumbani, akatoka na soksi ya sufu. Ndani ya soksi kulikuwa na mpira, wa kahawia kama mkate. Kwa miaka alikuwa akimpeleka mzee mmoja Mmarekani hospitali kusafishwa damu, na kumrudisha. Ujanani mzee yule alikuwa mdakaji kwenye ligi ndogo, na mpira huo, alisema, ndio aliodaka mechi ya mwisho kabla goti halijamwacha. Alipoona siku zake zinakwisha, alimpa Mjomba.

"Sijawahi kumwonyesha mtu," Mjomba akaniambia. "Lakini baba anaupenda mchezo, na binti kazi yake ni mipira. Sasa kama huu si mpira wa posa, mpira wa posa ni upi?"

Hivyo ndivyo tulivyojikuta, baada ya ibada, kwenye sebule ya Mzee Boniface ghorofa ya pili huko Laurel. Mjomba Gervas, mshenga wangu, amevaa suti ya harusi yake mwenyewe. Mkewe, Anti Violet, amevaa kitenge kipya kinachopiga kelele akijigeuza. Upande wa pili mzee, na dada yake, Shangazi Bilha, ambaye ndiye aliyemlea Nkatha. Na Nkatha mwenyewe, gauni la kijani, kilemba kichwani, mikono mapajani, macho chini. Aliyainua mara moja tu nilipoketi. Mara hiyo moja ilinitosha kusahau jina la baba yangu.

Mjomba alisema maneno ya ushenga, mazuri, ya taratibu. Kisha akafungua kisanduku.

Mpira niliouona wa kahawia sasa ulikuwa mweupe kama yai la kuku wa kisasa. Nikamtazama Anti Violet. Alikuwa anatabasamu kwa fahari.

Mzee Boniface hakujua ulivyokuwa. Aliuchukua kwa vidole viwili na gumba, kama warushaji wanavyoshika, na uso wake mgumu ukalegea. "Bwana Gervas," akasema. "Huu ulichezewa kweli?"

"Kweli tupu, mzee mwenzangu. Mwenyewe aliniambia kwa kinywa chake."

"Wengi wanamletea binti yangu mipira, na kila mpira uko na hadithi." Akauweka mezani. "Sasa nisikize. Hadithi ya mpira huu ikiwa ya kweli, hadithi ya huyu kijana nitaiskia mpaka mwisho. Ikiwa si ya kweli, tutakunywa chai, tutashukuru Mungu, na kila mtu aende kwake. Nkatha. Pima."

"Woi, Boni, hapana!" Shangazi Bilha akapiga goti lake. "Msichana anaposwa na anafungua mdomo mbele ya wageni? Kwa mama yetu haikuwa hivyo. Kwangu haitakuwa."

"Basi akwambie wewe, na wewe utuambie."

"Hiyo sawa."

Nkatha akaleta kioo chake cha kukuzia na taa yake ya zambarau. Sebule ilikuwa imejaa jua la mchana, taa isingeonyesha kitu, kwa hiyo Shangazi akachukua leso yake akamfunika kichwa, yeye na mpira pamoja. Tukabaki tunatazama mchumba wangu amekaa kama mtu anayejifukiza mafua, na leso inawaka zambarau kwa ndani. Nje treni ya Baltimore ilipita ikapiga honi. Hakuna aliyegeuka.

Shangazi aliingiza kichwa chini ya leso, akatoka.

"Anasema muhuri ni wa kweli."

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Anasema uzi ni wa zamani. Na ngozi."

Mjomba akanigusa mguu na kiatu chake.

Safari hii Shangazi alikaa ndani zaidi. Alipotoka alikuwa amekunja pua. "Anasema... ati unanuka mint."

"Si dawa ya meno hiyo!" Anti Violet akasema kwa sauti ya furaha, kama mtu aliyeulizwa mapishi yake. "Nimesugua jana mpaka bega likaniuma! Jamani, kilikuwa na tope, nyie hamkukiona. Sasa mtu na akili zake anapeleka kitu cha tope kwa wakwe? Nikafanya kama raba za watoto za shule. Dawa ya meno na mswaki wa zamani. Na si kimetakata?"

"Violet," Mjomba akasema polepole, kama anayemwita mtu aliye mbali.

"Nini sasa?"

"Umepiga mpira mswaki," alisema Mzee Boniface.

Shangazi Bilha alicheka mpaka akashika kifua. Hata mimi midomo ilinicheza. Lakini leso haikucheka. Taa ndani yake ikawaka na kuwaka, muda mrefu kupita ule wa muhuri na uzi kwa pamoja. Kisha ikazimika.

Shangazi akainama, akasikiliza. Alipoinuka alikuwa hatutazami machoni.

"Anasema mpira ni wa ligi hiyo na wa miaka hiyo. Lakini kwamba ulichezewa mechi, hawezi kusema. Tope limetoka. Hizo alama zimebaki, zinaweza kuwa za mazoezi tu."

"Lakini mke wangu ametoka kushuhudia tope, sasa hivi, mbele yenu!" Mjomba alisema.

Mnong'ono. "Anasema tope ni tope. Hata kwa bustani liko."

"Kwa hiyo rafiki yangu alinidanganya? Mtu anakaribia kufa, anashika mkono wangu, anadanganya?"

Mnong'ono. "Anasema hajasema hivyo. Anasema hawezi kusema."

"Kuna njia yoyote ya kujua?" akauliza Mzee Boniface. Hakuwa anautazama mpira. Alikuwa anaitazama leso.

Huu mnong'ono ulikuwa mrefu. "Iko moja. Akate nyuzi chache, ainue ngozi. Kama ulipakwa tope la mchezo, mengine yaliingia chini ya mshono, mswaki haukufika huko. Lakini mpira ukikatwa haurudi kuwa mpira."

Mjomba Gervas aliunyakua mezani akaukumbatia tumboni kama kifaranga. "Huyu mzee nilimzika," akasema. "Msiniambie sasa nimpasue."

Hapo damu yangu ikapanda. Mimi ni Mkurya wa Tarime, siwezi kukaa nikaona mjomba wangu anasimama mbele ya watu kama mtu aliyekamatwa sokoni. Nikainuka.

"Kata!" nikasema.

"Mwita, kaa chini."

"Akate, Mjomba, tumalize! Au aseme ndiyo. Nkatha, neno moja tu. Unajua ni kweli. Kila mtu humu ndani anajua ni kweli. Sema ndiyo!"

Leso ikaanguka. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalinitazama mimi peke yangu.

"Sijui kama ni kweli," akasema. "Na sitaharibu kitu cha mtu ndiyo niolewe."

"Nkatha!" Shangazi akalia. "Mdomo!"

Nikafungua mlango nikatoka, nikauacha wazi.

Nilitembea katikati ya magari yaliyoegeshwa vibaya, mengine yamekula mstari, na kila moja likanizidishia hasira. Nikasikia viatu vyake nyuma yangu kwenye ngazi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani!"

"Na funguo za teksi ya mjomba wako? Wao watarudi Alexandria na miguu?"

Nikatazama mkononi. Kweli, mimi ndiye niliyewaendesha kuja, na nilikuwa nimezikamata mpaka zimenichora kiganja. Nikageuka.

"Umeniaibisha, Nkatha."

"Kivipi?"

"Watu wazima wamevaa vizuri, wamekuja kwa heshima, wewe umewapima kama wezi!"

"Nimewapima vile ninapima kila mtu."

"Mimi si kila mtu!"

"Najua! Ndiyo maana singeweza kudanganya." Akanisogelea. Kilemba kilikuwa kimemlegea, na yeye hakijali. "Unafikiri Baba alikuwa anauliza juu ya mpira? Baba alikuwa ananiangalia mimi, Mwita. Hiyo macho naijua tangu utoto. Ningesema ndiyo, angejua mapenzi yamenipofusha. Na kuanzia leo, chochote ningesema juu yako kingekuwa bure. Nikisema wewe ni mtu mzuri, atasema, hata ule mpira wewe ulisema ni mzuri."



"Na wewe je?" akaendelea, sauti imeshuka. "Siku moja nitakuambia nakupenda, ukiwa mgonjwa ama huna kazi. Utajuaje kama ni kweli, kama uliniona leo nikisema uongo vizuri hivyo mbele ya baba yangu?"

Gari moja likapita taratibu, mama mmoja akatuchungulia, akaenda zake.

"Ulikawia sana chini ya leso," nikasema.

"Nilikuwa nalia." Akajifuta shavu kwa kiganja, kwa hasira. "Nilitafuta tope kila tundu la sindano. Kila tundu. Sijawahi kutafuta kitu namna hiyo kwa hii kazi yangu. Nilitaka uwe kweli mpaka nikaanza kuliona tope ambalo haliko. Hapo ndipo nikazima taa. Usiniambie mimi ati neno moja tu."

Nimesoma mashairi mengi, mengine usiku mzima, nikijifunza peke yangu namna watu wanavyosifu uzuri. Wamesifu shingo, mwendo, meno, nyusi. Sijakuta mahali walipomsifu mwanamke kwa kuizima taa wakati macho yake yameanza kumdanganya kwa ajili ya mtu anayempenda. Nilimtazama pale kati ya magari mawili, pua nyekundu, gauni la kijani limekunjika, nikajiona mdogo, na katika udogo huo nikajisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia kwa jambo langu lolote.

"Nkatha."

"Nini?"

"Mkurya haombi radhi mara mbili. Kwa hiyo sikiliza vizuri hii ya kwanza."

"Nasikiliza."

"Nisamehe."

Akaniangalia. "Hiyo tu? Na vile unapenda maneno?"

"Hiyo tu."

"Leo umetunga vizuri," akasema, akanishika mkono wenye funguo.

Tulipanda ngazi nikitarajia kukuta vita. Tulikuta Mjomba Gervas amehama kiti. Alikuwa amekaa kochi moja na Mzee Boniface, magoti yanagusana, vikombe vya chai mbele yao, mpira uko katikati yao kwenye mto.

"Kila safari aliniuliza kama nimekula," Mjomba alikuwa anasema. "Mgonjwa ni yeye, anayeulizwa ni mimi."

"Mzee wangu mmoja alikuwa hivyo," Mzee Boniface akajibu. "Akishindwa kuinuka ananiambia, Boni, pole, leo mimi ni mzito. Ndiye alinifunza kushika mpira. Vidole havikuwa na nguvu, lakini vilikumbuka." Akatuona mlangoni, akanyamaza. "Funga mlango, kijana. Joto linatoka."

Nikaufunga. Nikampa Mjomba funguo zake kwa mikono miwili. Nikasimama.

"Mzee, nimetoka kwako vibaya. Nimerudi."

"Nimeona." Akauinua mpira. "Huu nimeupokea, Bwana Gervas. Hivyo ulivyo, na hadithi yake, na mint yake."

Anti Violet akajifunika uso na ncha ya kitenge, lakini alikuwa anacheka.

"Sasa," mzee akasema, "Nkatha."

"Atasema kwangu," Shangazi Bilha akadakia.

"Hapana, Bilha. Hili nataka na mdomo wake." Akamgeukia binti yake. "Huyu kijana umekaa naye mwaka. Umempima vile unapima kila kitu, nakujua. Nipe jibu. Ndiyo, hapana, ama huwezi kusema?"

Nimewahi kusimama mbele ya mtutu wa bunduki, barabara ya mpakani kwetu. Sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Nkatha alinitazama kwa muda, kuanzia viatu hadi paji la uso, bila glavu, bila kioo.

"Siwezi kusema, Baba."

"Mungu wangu," Anti Violet akanong'ona.

"Ana hasira kama moto wa nyasi," Nkatha akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Anajisifu. Leo ameacha mlango wazi mbele ya wakwe. Pia ameshuka ngazi na hasira na akapanda bila hiyo hasira, na hilo sijaona wanaume wengi wakiliweza. Nitakuwa nimeolewa na mwanaume wa aina gani, hakuna taa ya kumulika hiyo, Baba. Nitajua nikiwa nimezeeka. Lakini namtaka. Hilo ninaliweza kulisema. Kwa hilo jibu ni ndiyo."

Mzee Boniface alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akamtazama tena binti yake.

"Bilha," akasema.

"Ee."

"Ondoa hivi vikombe vya wageni."

"Na chai bado? Hata mandazi hawajamaliza, Boni."

"Nimesema ondoa. Lete vile vyetu vya jikoni."

Shangazi Bilha alisimama katikati ya sebule na sinia mkononi, akamwangalia kaka yake kama haamini. Kisha akaingia jikoni karibu anakimbia, tukasikia makabati yakifunguliwa na vyombo vikigongana. Mjomba Gervas alitoa kitambaa mfukoni akajifanya anafuta miwani.

Nkatha ndiye aliyeniletea. Kilikuwa kikombe cha bati, rangi imebanduka ukingoni, mpini umelegea. Alikiweka kwenye viganja vyangu, na vidole vyake havikuondoka mara moja.

"Kimejaa," akasema chinichini. "Usimwage."

Nikakishika kwa mikono miwili.